Adabu za Uchina Nilizofundishwa Njia ya Mbalibali

Ukitaka kucheka, cheka tu. Wengi wamecheka, tena huku wanakunywa chai yangu. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, na akili zangu timamu, alasiri ya manyunyu, kwenye njia ya kutoka Mugumu kwenda Mbalibali.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Nilichaguliwa kwenda Uchina kujifunza kufuma nguo kiwandani. Furaha haikudumu. Nitakula nini kule? Watu wa kule huamkiwaje? Kwetu hakuna aliyejua. Mtu mmoja akaniambia yuko kijana wa Mbalibali, Chacha, aliyekwenda huko kusomea mitambo. Labda amesharudi, kamuulize mama yake.

Nilimkuta njiani, sijafika kijijini. Kijana mrefu, koti la bluu limefungwa vifungo mpaka shingoni. "Wewe ndiye unayekwenda Uchina," akasema. "Mimi ndiye Chacha." Nani alimwambia habari zangu? Sikuuliza. Mwenye shida haulizi mengi.

Tukatembea pamoja, akawa ananifundisha. Kikombe pokea kwa mikono miwili. Mmiminie mwenzako chai kwanza, ndipo ujimiminie. Mzee hajaanza kula, na wewe tulia. Bakuli usilimalize kabisa kwa mwenyeji wako, atadhani hujashiba na atakuongezea. Wakikupa maji ya moto ya kunywa, usione wanakudharau, ndivyo wanavyokunywa wenyewe.

"Na vile vijiti vya kulia," akasema, akasimama. "Usivisimike kwenye wali. Hicho huwa chakula cha marehemu. Mimi nilivisimika siku ya kwanza, kama wazee wetu wanavyosimika fimbo chini wakikaa kula. Meza nzima wakaacha kula."

Mimi nilikuwa nimelowa chapachapa, koti lake kavu. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri Wachina wanajua kufuma, kitambaa chao hakipitishi maji. Nikawa nautazama ule ufumaji wake, mimi fundi ambaye hata mtambo wa kufumia sijawahi kuugusa.

Tulipokaribia nyumba za kwanza akasema, "Tangulia, dada. Mwambie mama asiniwekee tena." Nikageuka kumuuliza asimwekee nini. Njia ilikuwa tupu, na kwenye tope nyayo zilikuwa zangu tu.

Nilikaza mwendo mpaka kwa mama yake. Shikamoo, marahaba mwanangu, akanikaribisha jikoni. Mlangoni alikaa shemeji yake, baba mdogo wa Chacha. Kando ya mafiga palikuwa na bakuli limefunikwa.

"La mura wangu hilo, kijana wangu Chacha," mama akasema. "Namtengea kila jioni. Atakujaje akute kwa mama yake hakuna ugali?" Akalifunua anionyeshe. Katikati ya ugali vilisimama vijiti viwili vyembamba, vimechongwa vizuri.

"Nani amefanya mchezo huu?" akauliza.

Nikamtazama baba mdogo. Alikuwa amefunika uso kwa mikono. Basi nikamweleza mama kila kitu: niliyekutana naye, alichoniagiza, na vijiti vile maana yake nini. Baba mdogo akaapa vijiti si yeye, ila akakiri jambo jingine palepale. Habari zilimfikia zamani. Chacha aliugua homa akafia kule, akazikwa kule. Alimficha shemeji yake kwa sababu ni mjane, na huyo ndiye mtoto wake wa pekee. "Niliogopa atamfuata," akasema.

Unadhani mama alimkasirikia shemeji yake? Hapana. Alinigeukia mimi, akasema polepole, "Asubuhi nilikuwa na mtoto. Umekuja wewe, sina."

Uchina nilikwenda, na adabu zile zilinifaa, sikuaibika mezani hata siku moja. Niliporudi nilimpelekea yule mama kitambaa nilichofuma kwa mikono yangu. Hakukigusa, akafunga mlango. Mpaka alipofariki, tukikutana mnadani alikuwa anavuka upande wa pili. Inaniuma mpaka leo, sitakuficha.

Kwa hiyo ninyi mnaofungia msiba mfukoni kwa kumwonea mtu huruma, nawaomba: mpeni mama msiba wake, alie. Msipompa, marehemu atamtuma mpita njia yeyote atakayemwona, na huyo mpita njia ndiye atakayechukiwa maisha yake yote.