Mti Mmoja Unawatosha

Mamangu hakuipenda kazi yangu, wala hakuficha. Nikirudi Malindi kutoka msituni, nguo zimejaa majani, hunipokea mlangoni: "Leo umehesabu chawa wangapi wa miti?" Namwambia si chawa, mama, ni wanyama, wadogo tu, hawaonekani bila hadubini. "Alaa! Ndiyo niliyokusomeshea hiyo?"

Kazi yenyewe ilikuwa kukwangua ukoga wa kijani kwenye magome ya miti ya hifadhi, kuuloweka, kuukamua, kisha kutazama nani kaamka. Na huamka, wallahi! Kuna mmoja kibonge, ana miguu minane na kucha kama za paka. Maji yakikauka hujikunja akalala. Ukimtilia tone, anaondoka zake. Nilimpenda mno.

Basi tukasikia kipande cha msitu kilicho kando ya barabara kitakatwa, kiwe maegesho ya magari ya watalii wanaokuja kutazama msitu. Nilikasirika hadi chakula kikanishinda. Mkubwa wetu akasema dawa ni kumwalika mheshimiwa mwenye kauli ya mwisho, aje awaone hao wanyama kwa macho yake.

Akaja pale pale msituni, na hotuba zikaja naye. Walihutubu wote, hata aliyeleta viti. Taa ya hadubini inaunguza, maji kwenye kioo yanakauka, nami na kichupa changu cha dawa ya macho, nilichokitia maji, nadondoshea tone baada ya tone, roho juu.

Mwishowe akainama. "Nimemwona! Mweusi, mrefu, kapinda!"

"Hizo kope zako, mheshimiwa," nikamwambia. Mkubwa wangu akanikanyaga mguu. "Vuta kichwa nyuma kidogo."

Akavuta. Kisha akaangua kicheko. "Loo! Ana kucha! Anatembea! Subhanallah!" Hakutaka kubanduka pale. Nilifurahi nikakaribia kulia. Nikajua msitu umepona.

Akainuka, akafuta macho. "Huyu hatuwezi kumuua," akatangaza. "Lakini kwa udogo ule, mti mmoja si utamtosha yeye na ukoo wake? Tumwachieni mmoja, mingine ikatwe."

Wakapiga makofi. Wakataji walikuwa wamekwisha kuja, misumeno garini. Mmoja akanipa kopo la rangi nyeupe na brashi.

"Haya mwanangu," akasema mheshimiwa, "wewe ndiwe mtaalamu. Tutilie alama mti wao."

Nikapaka wa kwanza. Nikaenda wa pili, nikapaka. Wa tatu. Wa nne.

"We binti! Nimesema mmoja!"

Sikugeuka. Kopo lilikuwa bado limejaa.