Senge Aliyepikia Watu Kuku

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka chakula hunikwama kooni. Lakini siwezi kukupeleka huko moja kwa moja, maana bila kumjua Senge hutaelewa kwa nini bado naililia.

Kwetu Bungoma, senge ni dada wa baba. Wangu aliitwa Nasimiyu. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye sauti nzito, na baada ya vile vita vya Hitla alifungua hoteli ya kuku mjini Kitale, si mbali na stesheni ya reli. Nikisema hoteli, usidhani ni ghorofa. Ilikuwa nyumba ya mabati, mabenchi marefu, na jiko la kuni uani. Kuku wake walikuwa wa kienyeji. Aliwabanika kwanza juu ya moto mpaka ngozi ikashika rangi, kisha akawachemsha polepole hadi mchuzi ukawa mzito. Ukila na ugali wa wimbi, hukutaka kingine.

Mimi nilikuwa msichana mkubwa, nimekataa mchumba niliyeletewa, na Baba akanituma kwa dada yake, ati nikapoe kichwa. Nikawa mpishi.

Waliokula pale walikuwa makuli wa reli, madereva wa malori ya mahindi, makarani, na wengi zaidi vibarua wa mashamba ya wazungu. Nilijiuliza kwa nini mtu atembee kutoka shambani mpaka mjini, jua kali, kwa ajili ya kuku tu. Baadaye nikaelewa. Kwetu kuku hachinjwi ovyo, huchinjiwa mgeni. Sasa kibarua aliyeacha watu wake huko kwetu Kabuchai, anayelala kambini na kuamshwa kwa kengele, nani atamchinjia kuku? Hakuwa mgeni wa mtu yeyote. Lakini kwa Senge alimiminiwa maji ya kunawa, akaulizwa habari za nyumbani, kisha kuku akawekwa mbele yake. Wamesema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale niliona pia kwamba mgeni mwenyewe hupona.

Kuna jambo jingine lazima nikuambie. Siku zile wanawake wa kwetu hawakula kuku. Ulikuwa mwiko. Mwanamke alimfuga kuku, akamlisha, akamnyonyoa, akampika, akampelekea mume sahani, yeye akarudi jikoni kula mboga. Senge naye alifuata hivyo hivyo. Chumvi aliipima kwa kiganja, kisha akampa mteja wa kwanza kijiko na kumwambia, "Onja, baba, uniambie." Watu walicheka, wakaonja, wakasifu. Hakuna aliyeona ajabu. Hata mimi sikuona.

Basi siku moja ya soko akaingia Makokha, mpiga gitaa. Ninyi hamkumjua, lakini wakati huo santuri zake zililia kila penye gramafoni, kuanzia Suam, mpakani na Uganda, hadi Bungoma. Alikuwa amevaa suti ya rangi ya maziwa. Watu wote waliinuka. Mmoja akapangusa benchi kwa koti lake. Mwingine akapaza sauti, "Senge, huyu apewe kwanza! Na apewe firigisi!"

Firigisi, mwanangu, kwetu ni sehemu ya mwenye heshima. Senge alikuwa ameshampakulia mchunga ng'ombe mmoja, mzee mkavu mwenye matope miguuni, na firigisi ilikuwa juu ya ugali wake. Mzee akaanza kuisukuma ile sahani, maana alijua mahali pake duniani. Senge akamshika mkono.

"Kula, mzee. Wewe ndiye umetangulia." Kisha akamgeukia Makokha. "Na wewe, mwanangu, karibu sana. Nyimbo zako tunazipenda. Lakini si umekuta watu hapa? Keti, zamu yako itafika."

Aliyepangusa benchi alibaki na koti mkononi. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Makokha akamtazama Senge, akavua koti lake, akalikunja, akaketi kando ya yule mchunga ng'ombe. Alingoja mpaka zamu yake. Alipokula, alikula kwa mkono, mchuzi ukamchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Alirudi tena na tena. Siku moja nilimwuliza kwa nini mtu mkubwa kama yeye apende mabenchi yetu. Akaniambia, "Nekesa, jana nimepiga gitaa kwenye klabu ya wazungu. Nimeingia kwa mlango wa nyuma, nimepewa chakula nikiwa nimesimama karibu na mapipa. Nikienda kwa watu wetu, naketishwa peke yangu kwenye kiti kikubwa, wananitazama nikitafuna. Hapa tu ndipo ninaposogezewa chumvi kama mtu."

Habari kwamba Makokha anakula kwa Senge zilienea, na watu wakazidi. Walikuja kumwona, wakaonja kuku, wakarudi kwa ajili ya kuku. Senge akafungua hoteli ya pili Bungoma, akanikabidhi mimi. Wasafiri walikuwa wakila Kitale asubuhi, wakapanda lori kupitia Kamukuywa, wakafika kwangu kupima kama mchuzi ni ule ule. Wengi walikubali. Wachache walisema wa Senge una kitu zaidi, na walisema kweli.

Furaha haikai sana mlango mmoja. Senge alianza kukohoa. Mwanzoni alilaumu moshi wa kuni. Kisha mwili ukamwisha, mpaka nguo zikawa kama zimetundikwa ukutani. Tulimrudisha nyumbani Kabuchai, kwa Baba. Tabibu wa hospitali ya misheni akasema dawa apewe, lakini mwili hauna nguvu ya kuipokea. Apewe mchuzi wa kuku kila siku, na nyama akiweza.

Baba aliinamisha kichwa. Alimpenda dada yake, usije ukadhani hakumpenda. Lakini akasema, "Mwacha mila ni mtumwa. Mama yetu hakula. Bibi yetu hakula. Nitawaambia nini wazee?" Senge mwenyewe, pale kitandani, akasema kwa sauti ndogo, "Mwacheni ndugu yangu. Nipeni uji."

Tukampa uji. Akaendelea kuisha.

Siku niliyokuambia ndiyo hii. Makokha alisikia, akaja na gari la kukodi mpaka uani kwetu. Watoto walimkimbilia. Baba akavaa kanzu yake safi, akatoka kumpokea, kwa kuwa hata wazee walimheshimu. Makokha aliingia kwanza kumwona Senge. Alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu. Akaketi mbele ya Baba.

"Mzee, mimi leo ni mgeni wako?"

"Ni mgeni wangu, tena mkubwa."

"Basi nichinjie kuku."

Baba akafurahi. Jogoo akachinjwa, mimi nikapika kama Senge alivyonifundisha, nikaleta sahani nikapiga magoti. Makokha akanawa. Kisha akauliza, "Mzee, sahani ya mgeni ni ya nani?"

"Ni ya mgeni. Afanye nayo atakavyo."

Makokha akainuka na ile sahani, akaingia nayo kwa Senge. Baba alielewa akiwa amechelewa. Alisimama, mdomo wazi, mkono umenyooka. Nilidhani atapiga kelele. Badala yake akageuka, akaenda kusimama kwenye migomba, mgongo wake kwetu.

Ndani, Makokha alimwinua Senge kichwa na kumnywesha mchuzi kwa kijiko. Akachambua kipande cha paja, akamtilia mdomoni. Senge alitafuna polepole, kama mtu anayesikiliza. Machozi yakaanza kumtoka.

"Senge," nikamwuliza, "unaonaje?"

"Ni tamu," akasema. "Ni tamu, Nekesa. Mbona hamkuniambia?"

Mwanangu, nilimpangusa machozi kwa kiganja. Watu wa Kitale na wa Bungoma walikuwa wamemwambia miaka yote, kwa vinywa vyote. Lakini hakuna aliyewahi kumwambia: nawe chukua.

Alikula siku kadhaa. Rangi ikamrudia kidogo, tukaanza kutumaini. Lakini ugonjwa ulikuwa umeshatutangulia mbali, na mvua za masika zilipoanza tukamzika. Vibarua walikuja kwa miguu kutoka mashamba ya mbali. Wengine sikuwahi kujua majina yao, nilijua tu mahali walipopenda kuketi. Makokha aliimba bila gitaa, sauti ikamkatika katikati.

Baba hakuzungumzia jambo lile mpaka kufa kwake. Ila tangu msiba ule hakugusa kuku tena. Akiwekewa, alimsogezea mama yangu ile sahani kimya kimya, naye mama aliirudisha jikoni bila kuila. Walizeeka hivyo, wakisukumiana sahani moja. Hoteli ya Kitale tuliifunga. Ya Bungoma niliiendesha mpaka nguvu zikaniisha, na wanawake niliowaajiri walikula kwanza, ndipo milango ikafunguliwa.

Sasa nikuambie nilichobaki nacho. Mila ni nguo, mwanangu. Inakusitiri, lakini ikimbana mtu pumzi, ilegeze akiwa bado anapumua. Ukila kitamu, usitosheke kumsifu mpishi. Sifa haishibishi. Mvutie kiti, mwambie ale nawe. Ukiwa mtu mkubwa, usione haya kungoja zamu. Na ukiwa mtu mdogo, usiisukume sahani yako kwa sababu mkubwa ameingia. Na ukimwona mtu anawahudumia wengine kila siku na hasemi lolote, usidhani ameshiba. Muulize mapema, wakati jibu lake bado linaweza kukusaidia kufanya kitu.

Nenda salama. Mungu akupe meza isiyokosa watu, na mkono usiochoka kugawa. Wanaokupikia wale pamoja nawe, wapate afya, na siku zako ziwe nyingi kuliko nywele zangu hizi nyeupe.