Printa ya Ghalani

Tulimwita Dada Mkuu, ingawa hakuwa mkuu wa chochote ila chumba kimoja cha baridi ghorofa ya pili, ilimokaa kompyuta ya kampuni, sanduku jeusi la kimo cha meza lililohesabu kila gunia tulilotoa. Kwa miaka kumi na tisa alichapa hati za mizigo huko juu, akazisoma moja moja, akazishusha ngazi mwenyewe hadi kwangu ghalani. Mimi ndiye mtunza ghala. Hati yenye kosa haikunifikia hata siku moja.

Mwezi wa tatu goti lilimsumbua, akachelewa siku mbili. Madereva wakanipigia kelele, nami nikamwandikia meneja: tuleteeni printa huku huku chini. Nilijidai namwonea huruma na zile ngazi. Wanasema mdomo uliponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mwenzangu.

Printa ikaja. Fundi wa nje akahangaika nayo siku nzima, ile kompyuta ya zamani isiitambue kabisa. Akafunga mkoba wake, akaenda zake. Meneja akamwita Dada Mkuu.

Akiunganisha, hati zitatokea ghalani zenyewe na wa kuzishusha hatakiwi tena. Akisema haiwezekani, hakuna wa kumbishia.

"Dada, si uwaambie tu imeshindikana?" nilimnong'oneza.

"Imeshindikana kwa nani?" Alinikata jicho. "Mdogo wangu, mimi siwezi kuisingizia mashine."

Akafungua daftari lake kuukuu. Akaipa printa anwani yake ya mtandao, akapanda kuiandika ileile kwenye kompyuta, akashuka kutazama. Herufi zikatoka vurugu tupu. Akapanda tena kubadilisha aina ya printa iliyoandikwa kwenye kompyuta. Alipanda mara nne, na goti lile. Ya tano hati ikatoka safi. Aliisoma yote, kisha akanikabidhi kama siku zote.

Meneja akapiga makofi. "Hongera sana, mama. Basi mwisho wa mwezi tutakupumzisha. Na hilo daftari utuachie."

Akampa. Hakulia. Nililia mimi, mnafiki mkubwa.

Juzi ilitoka hati ya magunia mia badala ya kumi. Nilishalipakia lori zima ndipo dereva aliposhtuka. Nikageukia ngazi, mdomo wazi, nimwite Dada. Hapakuwa na mtu. Printa ninayo, niliiomba mwenyewe.