Bibi wa Turubai

Tangu malori yapungue barabarani, Nerima alikuwa hakai. Akikaa, anainuka. Akiinuka, anakwenda hadi ukingoni mwa barabara kuu, anaweka mkono juu ya macho, anatazama upande wa Gilgil kama mtu anayengoja mgeni. Halafu anarudi chini ya banda lake na kuanza kukunja upya turubai alilolikunja asubuhi.

Banda hilo liko Lanet, mahali malori yanapopunguza mwendo kabla ya kuingia Nakuru. Ni mabati juu ya nguzo, na mbele turubai kuukuu la kivuli; kuta hakuna, maana turubai la trela halipiti mlangoni. Hapo Nerima ameshona tangu Joyline, kifungua mimba wake, akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Joyline sasa ameolewa Bahati na ana mtoto wake wa kubeba.

Kazi yenyewe ni hii. Lori linatoka Mombasa na mzigo wa Uganda, wa Rwanda, wa Kongo. Njiani upepo unapasua turubai. Dereva anasimama Lanet, anapiga honi, na Nerima anavua viatu. Anapanda juu ya mzigo na sindano nene ya kushonea magunia na uzi uliopakwa nta, anaweka kiraka, na pembeni mwa kiraka anaacha alama yake: msalaba mdogo wa uzi mwekundu. Madereva wamemwambia wameiona alama hiyo Goma, wameiona Juba. Nerima akisikia hivyo hucheka.

"Uzi wangu umetembea kuliko mimi," husema.

Yeye mwenyewe hajawahi kuipita Naivasha, na huko alienda kwa mazishi. Babu yake alitoka Bungoma akiwa mfanyakazi wa reli, akapewa chumba karibu na stesheni ya Nakuru, na hakurudi. Nerima alizaliwa kwenye chumba hicho, akalala utoto wake wote akisikia mabehewa yakigongana. Labda ndiyo sababu kelele hazikumsumbua kamwe. Kilichomsumbua ni kimya hiki kipya.

Mumewe, Wamalwa, alisaga mahindi kwenye kinu cha posho hatua chache kutoka hapo. Kila adhuhuri alikuja kunywa chai bandani, unga kwenye nyusi, redio ndogo kwapani. Habari za bandari alizifuata kama vile wengine wanavyofuata mpira. Mombasa ilikuwa timu yake.

Adhuhuri moja alikuta Jerry, dereva kijana anayempenda Nerima kama mama, ameegesha lori tupu mbele ya banda.

"Niaje, mathe," Jerry alikuwa akisema.

"Poa. Leta kazi."

"Kazi gani? Mimi mwenyewe nimepakia upepo."

"Mizigo imeenda wapi?"

"Si imehama! Wale matajiri wa Kampala wanashukisha vitu Dar siku hizi. Wengine Tanga. Tanga wamechimba bahari, meli kubwa inaingia hadi ndani. Sisi tukijenga gati, wao wanajenga gati. Sisi tukitandika reli, wao wanatandika ya stima, ya umeme kabisa. Leo mahindi yanazuiwa mpakani, kesho ndege, kesho kutwa sijui nini."

"Hao ni kelele tu," Wamalwa alisema, akipuliza chai. "Mombasa ni Mombasa. Watarudi."

"Mzee, watarudi na nini? Hizi nchi mbili ni kama wake wenza. Huyu akipika kuku, yule anachinja mbuzi. Na bwana ni mwenye mzigo. Anakula pale kuna nyama."

"Na mwenye kuosha sahani ni mimi," Nerima alisema, akainuka tena kwenda kutazama barabara.

Wiki hiyo hiyo habari ilikuja kutoka huko huko mizigo ilikohamia. Kipkirui, dereva wa Subukia aliyekuwa mteja wa Nerima kwa muda mrefu, alikuwa amehama na lori lake, kwa kuwa kampuni yake ilihamishia yadi Tanga. Alimpigia Wamalwa, kwani simu ya Nerima ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya maji na haijapona. Alisema bosi wake, mtu anayeitwa Hafiz, ameona msalaba mwekundu kwenye turubai, akauliza ni mkono wa nani. Huko hawana mtu wa kushona hivyo. Anataka mtu aje mwaka mmoja, afungue banda ndani ya yadi, afundishe vijana. Atapiga mwenyewe.

Nerima aliposikia, aliketi juu ya mzigo wa turubai na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akakaa kweli.

"Wewe, usianze," Wamalwa alimwonya. "Uende kushonea hao? Si hao ndio wanatunyang'anya mizigo?"

"Turubai halina kabila, Baba Joyline."

"Liko na bandari."

"Basi mimi nifuate mzigo ama nife nikiangalia lami?"

Wamalwa alibeba redio yake, akarudi kwenye kinu. Nerima alisugua sindano zake kwa mafuta, akazipanga kwenye mkebe wa majani chai, akangoja. Kila Wamalwa alipokuja adhuhuri, Nerima alimtazama usoni kabla ya kutazama simu mkononi mwake. Hatimaye siku moja Wamalwa alikuja, akaketi, akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari bado.

"Yule mtu wa Tanga alipiga."

"Akasema?"

"Basi. Wamepata mtu."

"Wamepata nani?"

"Mimi nitajuaje? Wamepata."

Kuanzia hapo Nerima akawa mbaya zaidi. Alishona viraka kwenye maturubai yasiyo na tundu. Alihamisha meza upande wa kushoto, akairudisha kulia. Usiku aligeuka kitandani mpaka Wamalwa akaomba blanketi la peke yake. Hakumlaumu mtu. Alijiuliza tu huyo aliyepatikana anapaka uzi wake nta ama haipaki.

Mvua za kwanza zilipoanza, Jerry alipata mzigo, mbolea ya kwenda Eldoret, na akasimama Lanet kwa sababu turubai lilikuwa limepasuka katikati. Nerima alikuwa anatafuta kiraka cha kufaa, na Wamalwa amekuja na redio yake, wakati Kipkirui alipotokea kwa miguu, amenenepa, amevaa shati jeupe la mikono mirefu. Alikuwa likizoni. Mkononi alishika kifurushi kirefu kilichofungwa kwa magazeti.

"Habari za siku nyingi, mama," alisema kwa sauti iliyonyooshwa. "Naomba maji ya kunywa."

"Wee! Unaomba?" Jerry alipasuka kicheko. "Huyu amekuwa wa huko kabisa. Sema 'nipe maji' kama mtu wa Subukia!"

"Huko ukisema 'nipe' wanakuangalia kama umewatusi." Kipkirui alikunywa, akapangusa mdomo, akamkabidhi Nerima kifurushi. "Hii imetoka kwa bosi. Ameniambia, mpe bibi wa kwa Wamalwa, na umpe heshima zangu zote. Mimi nilifikiri ni fimbo ya kupimia turubai."

Nerima alichana magazeti. Ndani ilikuwa kanga mpya iliyokunjwa vizuri, na ndani ya kanga, mkongojo. Mkongojo wa mninga, umechongwa ukang'aa, na chini yake umevishwa mpira usiteleze.

Jerry alifunika mdomo.

"Hii ni ya nini?" Nerima aliuliza.

"Na kuna sauti alinirekodia," Kipkirui alisema, akihangaika na simu. Akaibonyeza, na sauti ya mzee wa pwani, ya taratibu, ikajaa bandani:

"Shikamoo bibi. Mimi naitwa Hafiz, wa Tanga. Mjukuu wako alinieleza kwamba maturubai yale ni kazi ya mikono yako. Nilistaajabu sana, bibi. Lakini kazi ya kupanda juu ya malori siwezi kukupa kwa umri huo, Mungu ataniuliza. Pokea hii zawadi ndogo, pumzisha miguu. Utuombee."

Nerima aligeuka polepole. "Mjukuu wangu ni nani?"

Wamalwa alikuwa amezima redio.

"Baba Joyline. Ulimwambia nini huyu mtu?"

"Nilimwambia ukweli! Aliuliza, hizi turubai anashona nani? Nikasema, zinashonwa na bibi yangu. Akasema, bibi yako! Bado ana nguvu? Nikasema nguvu ako nazo, lakini usiku analia na magoti. Si unalia na magoti?"

Kipkirui alikuwa ameshika kichwa. "Uwi. Mzee, uliharibu. Na mimi pia nimebeba hiyo fimbo kutoka Tanga nikiona ni sawa! Kule bibi si bibi."

"Bibi si bibi ni nini?"

"Kule bibi ni shosho. Ni kukhu. Nyanya!"

"Nyanya wa mtu?"

"Wa mtu! Nyanya zingine huko ni za mchuzi tu. Mtu akitaka kusema bibi yake, anasema mke wangu."

Jerry hakuweza kujizuia tena. Alijiegemeza kwenye gurudumu la lori lake akacheka hadi machozi. "Shikamoo, kukhu Nerima!"

Nerima hakucheka. Alimsogelea mumewe, mkongojo mkononi.

"Uliniambia wamepata mtu."

Wamalwa alitazama unga kwenye viatu vyake. "Alisema upumzike. Nikaona ni maneno mazuri. Nikaona… kama ni mtu wa huko mwenyewe anasema ubaki, mimi ni nani nibishane." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Nyumba itakuwa kubwa, Mama Joyline."

Hasira ambayo Nerima alikuwa ameikusanya ilikosa pa kutulia. Alizunguka meza, akarudi alipokuwa, akamwambia Kipkirui, "Mpigie. Ya video. Nataka anione."

Alivua viatu. Akafunga kanga mpya ya Tanga kiunoni, sindano akaiuma kwa meno, kiraka begani, akakamata ngazi ya lori la Jerry na kupanda, mkongojo umechomekwa mgongoni kama panga. Alipofika juu, mvua nyepesi ilikuwa inaanza. Alitembea juu ya magunia ya mbolea kana kwamba ni sakafu ya sebule yake, akapiga magoti, na magoti kweli yakalia, lakini huko juu hakuna aliyeyasikia. Kipkirui alipanda nyuma yake akihema na simu ameinyoosha mbele. Wamalwa alibaki chini, amepewa kamba ya kushikilia pembe ya turubai.

Kwenye kioo alionekana mzee mwembamba mwenye kofia iliyodariziwa, amezungukwa na ukuta wa buluu.

"Marahaba ile shikamoo yako," Nerima alisema, akitoa sindano mdomoni. "Ingawa umenizidi umri, boss, mimi ndiye ningekuamkia. Mimi ndiye bibi."

"Wewe?" Hafiz alisogeza uso karibu na simu. "Wewe ni binti yake."

"Binti yangu yuko Bahati, ananyonyesha. Mimi ndiye nashona." Akapitisha uzi, akauvuta mpaka ukalia, akapitisha tena. Alishona bila kutazama kamera, na Hafiz alikuwa anatazama mikono. Nerima alipofika pembeni na kutoa uzi mwekundu, mzee yule alicheka peke yake.

"Subhanallah. Nimemtumia mkongojo mtu anayepanda juu ya semi. Sasa yule kijana niliyeongea naye ni nani?"

"Hana ujana. Yuko hapo chini. Kipkirui, mwonyeshe."

Simu iliinamishwa kando ya lori. Wamalwa alitazama juu, matone usoni, kamba imezungushwa mkononi. Angeweza kusema lolote. Angeweza kusema magoti, angeweza kusema mjukuu, angeweza kusema nyumba. Nerima aliacha kushona.

"Boss," Wamalwa alianza. "Huyo ni bi…" Akajikatiza. Jerry alikohoa.

Neno lenyewe halikuwa gumu. Ni kwamba nyumbani kwao hakuna aliyewahi kulitumia. Lilikuwa neno la mchungaji siku ya harusi na la vitabu vya shule. Akafuta matone usoni kwanza.

"Huyo ni mke wangu. Mimi ndiye sikusema vizuri. Ni mzima, na hiyo kazi anaiweza."

"Basi nisamehe, ndugu yangu," Hafiz alisema. "Nafasi bado ipo. Niliowajaribu wanashona kama wanafunga gunia la mkaa. Je, utamruhusu?"

Wamalwa alitazama barabara, upande wa Gilgil, ule ule ambao mkewe alikuwa akiutazama kila siku.

"Kwani ni mimi napanda juu? Uliza yeye."

"Nakuja," Nerima alisema kabla ya kuulizwa.

Simu ilipokatwa, Wamalwa alivuta kamba kwa nguvu mpaka turubai likatoa mlio.

"Usikaze hivyo," Nerima alimkemea kutoka juu. "Litachanika."

"Likichanika si utashona."

Wote wawili walisikia alichosema. Mvua ilizidi kidogo. Jerry aliingia ndani ya lori lake, akajifanya anatafuta kitu.

"Utanionyesha kushona kabla uende," Wamalwa alisema mwishowe. "Ile ya nta. Si wote watahamia Tanga."

Nerima alichomoa mkongojo mgongoni, akauteremsha ncha yenye mpira ikiwa mbele, mpaka Wamalwa akaushika.

"Anza na hii. Inua hapo mbele ya banda, maji yamejaa."

Wamalwa aliusukuma mkongojo chini ya turubai la banda, na maji yakamwagika nje kwa kishindo, yakamlowesha miguu. Alipogeuka kumwambia mkewe atazame, Nerima alikuwa bado amesimama juu ya lori la Jerry, mkono juu ya macho.