Aliyetufundisha Kuacha Nyama Ipoe

Tuliomzika wiki iliyopita mjini Beni tulikuwa wachache hata ninaweza kuwataja wote bila kumsahau mtu. Alikuwepo mjane wake, na binti zake wawili. Alikuwepo mchungaji wa kanisa lao la mtaa wa Ruwenzori, pamoja na mashemasi waliobeba jeneza. Alikuwepo mwalimu mstaafu aliyesoma naye Kisangani, jirani mmoja anayeuza makaa, na dereva wa pikipiki aliyenitoa kwetu Vuhovi alfajiri akakataa kuniacha nirudi na mtu mwingine. Na mimi. Watu wa Kalunguta walituma salamu kwamba barabara yao haipitiki. Alikufa kwa ugonjwa, homa iliyomshika akiwa kanisani ikampeleka kitandani na isimrudishe. Niliporudi nyumbani, watu waliniuliza kama ni risasi au panga. Niliwajibu ni ugonjwa, wakashusha pumzi kana kwamba nimewaletea habari njema. Hapo ndipo vita vimetufikisha.

Sitalitaja jina lake, kwa kuwa safu hii haina desturi hiyo, na yeye mwenyewe hakupenda kutajwa. Tuseme tu kwamba kazi yake ilikuwa kuzunguka vilimani akiwafundisha watu mambo ya maji, misitu na madini: nani ana haki ya kuyatoa, kwa ruhusa ya nani, na mwenyeji anabaki na nini. Baadaye, mvua zilipoanza kututoroka, akaongeza mafunzo ya hali ya hewa. Hakuwa rafiki yangu. Sikuwahi kulala kwake, naye hakujua chakula ninachopenda. Alikuwa mtu ninayefahamiana naye, kama ulivyo ukuta wa jirani unaokukinga upepo, na ambao huufikirii mpaka siku unapoanguka.

Nilimwona mara ya kwanza katika miaka ile ya vita ambapo Kinshasa ilikuwa nchi ya mbali, na wakubwa waliotutawala hapa walibadilika kabla hatujazoea sura zao. Wazazi wetu walikuwa wamekwisha kufariki. Niliacha shule ili wadogo zangu wasome, na kilichowasomesha kilikuwa shamba moja la baba lililoteremka mpaka kwenye maporomoko ya mto wetu. Hayo maporomoko ndiyo yaliyotuletea mgeni. Mfanyabiashara mmoja kutoka Butembo alikuja na ruhusa yenye mihuri ya wakubwa wa wakati ule, akitaka kuchimba mfereji, kuyafunga maji na kutengeneza umeme. Mfereji ungepita katikati ya shamba letu. Baba yangu mdogo alikuwa amekwisha kumwambia kwamba mambo ni mepesi, maana mwenye kubaki ni msichana, na msichana ataolewa.

Mfanyabiashara alizijua desturi zetu. Hapa kwetu mtu anayetaka ardhi huleta mbuzi, na wenye ardhi wakishakula, neno limekwisha. Hakuna karatasi inayoshinda mfupa uliokwisha kutafunwa. Basi alileta mbuzi, akaleta na mpishi wake, akaja na askari watatu wa kumsindikiza. Vilima viwili vya jirani vilikuwa vimekwisha kukosea kosa hilo: walikula kwanza, wakauliza kesho yake, na waliyemuuliza akawajibu kwa kuwaonyesha mifupa. Sisi tulikuwa tumekaa kwenye nyasi tukinusa mchuzi wakati mtu wetu alipotokea akisukuma pikipiki yake iliyoishiwa mafuta. Hakuna aliyemwalika. Alisalimia, akaketi kati ya akina mama, akauliza kinachoendelea. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

“Wapendwa, tutakula. Lakini nyama iko moto bado. Tuulize kidogo wakati inapoa.”

Hakuwaambia watu wasile. Hilo lingekuwa tusi, na labda lingekuwa risasi. Alimgeukia mfanyabiashara na kumuuliza swali ambalo baadaye nililisikia kutoka kwake kila mahali alipokwenda: “Papa, kitu hiki kikitoka hapa, kitarudia hapa na njia gani?”

“Kitu gani?”

“Courant. Umeme.”

“Courant itaenda Butembo, kwenye kiwanda ya kahawa,” mfanyabiashara akajibu. “Ni maendeleo ya wote.”

“Na hapa?”

“Hapa batu bataona mataa ya muji kutoka mulimani. Ni muzuri sana kuangalia.”

Watu walicheka, naye akadhani wanacheka pamoja naye. Bibi mmoja, jirani yetu wa upande wa chini, akasema taratibu, “Miye macho yangu haifike Butembo. Utaniletea muji karibu?” Wakacheka tena, safari hii kicheko kikamfikia. Maswali yakaanza kutoka kila upande. Mfereji una upana gani? Mashamba ya chini yatapata maji wakati wa kiangazi? Mwenye kinu cha mihogo atakwenda wapi? Mpishi akarudisha sufuria motoni, akaitoa, akairudisha tena. Baba mdogo alikuwa haketi wala hasimami. “Nyama inaharibika,” alisema. “Tuko batu gani ba kukatalia mutu chakula?”

“Hatukatae, kaka,” bibi akamjibu. “Tunangoja ipoe.”

Ilipoa mpaka mafuta yakaganda juu. Wenye njaa isiyo na subira walikuwa askari. Mmoja akachovya, wa pili akavuta kiti, na muda si muda wote watatu walikuwa wanatafuna bila kumwangalia tajiri wao. Bibi aliwatazama mpaka walipofika kwenye mifupa, kisha akasema, “Basi imeisha. Benye kukula njo bamekubali. Baende sasa bachimbe mufereji kwabo.” Hata askari mmoja alicheka akiwa na nyama mdomoni. Mfanyabiashara aliondoka na sufuria tupu, na shamba la baba likabaki lilipo.

Nisiipambe hadithi. Siku chache baadaye, mtu wetu alisimamishwa njiani na watu wenye bunduki wakamnyang'anya pikipiki. Hatukujua walitumwa na nani, na katika miaka ile kuuliza kulikuwa na bei yake. Kuanzia hapo alitujia kwa miguu, na siku nyingine juu ya baiskeli ya kuazima isiyo na breki. Hakuwahi kuitaja ile pikipiki mbele yangu, hata nilipomwona akivua viatu na kukanda nyayo zake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye alikuja na lake siku ya kwanza. Wafundishaji wengine waliopita kwetu walitualika mjini, kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki, wakatugawia soda na nauli, nasi tuliitikia kila walichosema kwa sababu nauli ilikuwa mwishoni. Yeye alisema hana nauli ya kumpa mtu, ana mikono tu. Akachukua desturi yetu ya kulimiana, ile ambayo leo jirani zangu wanalima kwangu na kesho mimi nalima kwao, akaifanya kuwa shule. Siku ya somo ilikuwa siku ya kulima shamba la mmoja wetu. Asubuhi tulilima, na jua likipanda tuliketi kwenye mistari tuliyolima tukazungumza juu ya kile tulichokuwa tumekikanyaga: kwa nini mto unapungua juu kwenye chemchemi zilizokatwa miti, nani aliuza mbao zilizopanda malori kwenda mpakani, sheria inasema nini, na chifu hawezi kuuza nini peke yake.

Zamu ilipofika kwetu, somo lilikuwa maji yale yale ya mfanyabiashara. Alisema kukataa ni nusu ya kazi, na mtu aliyekataa mfereji wa tajiri bila kuchimba wa kwake anamngojea tajiri wa pili. Tukachimba wetu, mdogo, unaopinda kwenye mpaka wa shamba bila kuligawa. Tukapanda miti kandokando. Kilichokuja baadaye ni gurudumu la chuma alilolitengeneza fundi wa Butembo, likasaga mihogo mchana na kuwasha taa chache jioni, pamoja na ya kanisa. Siku ya kuchimba, yeye alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Akina mama hawakumwonea huruma.

“Professeur, unalima ao unakuna ardhi mugongo?”

“Naibembeleza,” akasema, jasho likimchuruzika. “Nyinyi munaipiga sana.”

“Muke wako anakulishaka na jembe gani?”

“Na ya kwake. Ya kwangu njo hii munaona.”

Jioni, alipokuwa anafuta udongo kwenye jembe lake, aliniambia, akiniita dada mkubwa kama wanavyoniita wote, “Yaya, sasa uko na deni yangu. Siku moja. Niko na shamba ya kakao upande wa Beni, nitakuita.” Nilimwambia aniite hata kesho. Kwetu siku ya jembe ni deni kamili. Hailipwi kwa kuku, hailipwi kwa asante, na mdeni akifa watoto au wadogo zake huirithi.

Hakuniita. Mwanzoni alikuwa na kazi nyingi, kisha vita vikabadilisha jina na sare, vikahamia misituni upande wake. Miaka ikapita. Neno tabianchi likafika kwetu kwa magari meupe. Siku hizi watu wanasafiri mbali kuzungumza juu ya misitu ya Kongo, na nasikia wanasema ni mapafu ya dunia. Sina ugomvi nao. Ila nikisikiliza redio huwa nangoja mtu aulize lile swali, kwamba hewa hiyo ikitoka hapa itarudi hapa kwa njia gani, na kipindi huisha kabla halijaulizwa. Nadhani ni kwa sababu wanazungumza wakiwa wameshakula. Jirani yake muuza makaa aliniambia pale kaburini, “Ule muzee alinigombesha kila siku juu ya miti. Kisha ananunua kwangu mufuko moja, anasema, ‘Siku watatupatia courant, nitakukimbia.’” Alisema hivyo akilia. Mtaa wao ulikuwa haujapata umeme.

Kwangu umeme upo, ila wa kuketi nami chini ya taa hayupo, na huo ndio upweke wenyewe. Wadogo zangu niliowasomesha kwa shamba lile walisoma wakaondoka. Mmoja yuko Kampala, mmoja Kinshasa, wa mwisho ameolewa Bunia. Hupiga simu na kuniuliza habari za usalama, habari za mgongo wangu, na kama nilipata walichonitumia. Siwalaumu. Lakini mtu aliyekuwa akinipigia na kuanza kwa kusema, “Yaya, maji iko?” alikuwa mmoja tu. Nilikuwa nikimwambia yamefika wapi kwenye jiwe la kupimia, miti gani imekauka, gurudumu linalia sauti gani. Alisikiliza mpaka mwisho. Tangu afe, mto umepanda na kushuka, na sina mtu wa kumwambia.

Baada ya maziko niliketi na mjane wake nyuma ya nyumba, nikamweleza kwamba nilikuja kuzika na pia kulipa. Nilimwomba anionyeshe shamba. Akanitazama kama mtu anayepima kama mwenzake anajua anachosema.

“Yaya, kule hakuna mutu anafika. Tangu batu ba pori bakamate ile njia, kakao yetu inavunwa na benye hatubajue. Tunaionaka tu ikipita kwenye malori.”

“Basi nilime hapa,” nikasema. Nyuma ya nyumba palikuwa na kipande cha viazi, mistari michache. “Siku moja ni siku moja. Sipendi kurudi na deni ya mufu.”

Alikinyoosha kitenge magotini. “Hapana,” akasema. “Ukilima hapa, deni imeisha, na batu batasema shamba yake ilikuwa hii ya viazi. Hata batoto batasema vile. Acha ibakie. Siku njia itafunguka, utakuya, tutaenda wote na wewe utalima kule kwenye mupaka, batu baone unalima kwa nani.”

Nilielewa kwamba kile kipande cha viazi kilikuwa sufuria yangu ya mbuzi, nami nilitaka kula haraka. Haki ya mtu juu ya ardhi yake haipotei siku anapofukuzwa. Hupotea siku anapokubali kulipwa mahali pengine. Kwa hiyo nilipanda pikipiki na kurudi Vuhovi na siku yake mikononi mwangu. Mwenye kudai amekufa, shamba limefungwa, na mgongo wangu hauzidi kupata nguvu. Nimewapigia wadogo zangu wote watatu na kuwaeleza mpaka wa lile shamba ulipo, kama mjane alivyonielekeza, wapate kuirithi siku hiyo nikifa. Bado nadaiwa.