Kijiti Nilichofunga kwenye Mashine ya Theluji

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufagio. Karakana ilikuwa katikati ya jiji la Durban, ya kutengeneza mashine za kukata majani, na msimamizi wake alikuwa Mhindi wa hapahapa ambaye wote tulimwita Uncle. Aliniuliza kama mwanamke anajua injini. Nikamwambia nimezaliwa kwenye kelele zake, maana baba yangu alikuwa na kinu cha kusaga mihogo kule Uvira, Kongo. Akaninyooshea kidole sakafuni. Nikafagia wiki tatu, mdomo nimefunga, macho nimefungua.

Kinu kile kilimla baba vidole vitatu. Tangu hapo alifunga kijiti kwa kamba ubavuni mwa mashine, na sheria ikawa moja: kitu kikikwama, kijiti ndicho kinaingia, mkono hapana, hata kama mashine imesimama. Sisi watoto tulimcheka, eti mashine iliyokufa inauma nini. Tulikuwa wajinga.

Wiki ya nne fundi mmoja hakuja, Uncle akanipa spana. Ninyi vijana mnaobonyeza vitufe, sikilizeni. Mashine hizi zinaongozwa na kebo, yaani waya wa chuma unaoteleza ndani ya mrija. Ukibana leva, kile kishikio cha kwenye mpini, kebo inavuta, mkanda unakaza, kisu kinazunguka. Ukiachia, springi inarudisha vyote na kisu kinasimama. Huko kuachia ndiko kunalinda mwili wa mtu.

Sasa, Durban iko na chumvi ya bahari, inakula waya kabla mwaka haujaisha. Kwa hiyo desturi yetu ilikuwa kushindilia kila kebo grisi nzito mpaka imwagike upande wa pili. Uncle alipita akikagua kwa kidole. Kuonekana na kebo kavu ilikuwa aibu, kama kumpakulia mgeni kwenye sahani chafu.

Miaka ikaenda, nikawa mkubwa wa benchi la mafundi. Ndipo hoteli moja ya milimani, upande wa Lesotho, ikaagiza mashine ya kutupa theluji kupitia patron, mwenye karakana. Ikaja vipande vipande ndani ya sanduku. Eish! Kati yetu hakuna aliyewahi kugusa theluji.

Nilifunga mpini kwa nati nne, bila kukaza hata moja mpaka zote zikae mahali pake. Leva ya kulia ni ya magurudumu. Ya kushoto inazungusha vyuma vya mbele, vinavyokusanya theluji na kuirusha nje kwa bomba. Kebo nikaipima: leva ikiachiwa, iwe na ulegevu kidogo, ikibanwa, springi ivutike kidogo tu. Ikikaza mno, vyuma havisimami. Ikilegea mno, mkanda unateleza na kuungua. Nikaijaribu uani jasho likinitoka, leva ikarudi vizuri sana. Grisi nilishindilia ya ziada, kwa kuwa mteja alikuwa mpya. Mwisho nikaifungia kijiti cha baba.

Aliyekuja kuichukua ni mwangalizi wa hoteli, Msotho wa umri wangu, Ntate Tseliso, maana kwao bwana anaitwa ntate. Nilimfundisha mwenyewe: ukiachia leva, chuma kimesimama, lakini bomba likiziba tumia kijiti. Alikicheka kile kijiti kama tulivyokicheka sisi.

Baridi ilipoanza, akanipigia simu. Theluji yenye maji ilikuwa imeziba bomba. Aliachia leva zote mbili, injini akaiacha inanguruma, kwa sababu mimi nilimwambia chuma kimesimama. Akavua glavu, akainama.

"Mama, nilishapeleka mkono," alisema. "Nikakumbuka maneno yako, nikachukua kijiti. Kimeliwa. Leva nimeiachia, lakini chuma kilikuwa bado kinazunguka."

Nikamuuliza mkono uko? Akasema uko. Nikamwambia achomoe plagi ya injini, asiiguse tena mashine.

Uncle alisema ni springi mbovu, kosa la kiwanda, tuwaandikie. Ilikuwa njia rahisi, na mimi mkimbizi mwenye karatasi za kuombaomba kila zinapoisha niliitamani, sitadanganya. Lakini moyo ulikataa. Nikachukua kebo nyingine iliyoshindiliwa grisi yetu, nikaenda soko la Warwick kwa dada mmoja anayeuza kuku wa barafu, nikamwomba anilazie kebo kwenye friza yake. Alinitazama kama mchawi, lakini alikubali. Asubuhi niliivuta kebo, nikaiachia. Haikurudi. Grisi ilikuwa imeganda kama ugali wa jana.

Nikaibeba ndani ya ndoo ya barafu mpaka kwenye meza ya Uncle. Aliivuta mara mbili, akajifuta grisi kidoleni.

"Grisi hii ni amri yangu," akasema.

"Amri ni yako, Uncle, lakini mkono ulioishindilia ni wangu. Nilipima kila nati, sikuuliza kule anakokaa mtu huyu kuna baridi gani."

Nilijua naweza kufukuzwa. Uncle aliinuka, akaniletea kebo mpya na kopo la mafuta mepesi, akaniambia nikailaze kwa yule dada kabla ya kuituma. Tangu siku hiyo hakuna kebo iliyopanda milimani bila kulala kwanza na kuku. Ntate nilimpigia mwenyewe, nikamwambia kosa ni langu. Akauliza nani alinifundisha mambo ya kijiti.

Sasa nimestaafu, nakaa chumba changu mtaa wa Glenwood, na wanafunzi wa jirani wananiita Mama Fundi. Wakiniuliza nimejifunza nini, nawaambia: dawa ya kwenu inaweza kuwa sumu kwa mwenzako. Kabla hujafunga kitu, uliza kinakwenda kulala wapi.

Siku yangu ya mwisho kazini, Ntate Tseliso alishuka kwa taksi kutoka milimani kuja kuniaga. Aliniletea kile kijiti, kimebaki kipande kifupi kama kiberiti. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akawa anaongea, ananishukuru, na mimi sikusikia hata neno moja. Nilikuwa navihesabu vidole vyake. Vilikuwa kumi, na nilivihesabu tena.