Dundu wa Samadi na Mdudu wa Mgomba

Kokubanza alizaliwa Nyakakika, kwa wafugaji, akaolewa Kiruruma na Rwegoshora, mtu wa migomba. Alikuja na ng'ombe wawili wa baba yake, na kila asubuhi alibeba samadi kwa kikapu kuipeleka kibanjani, kwenye shamba la migomba la nyumbani. Kwa miaka saba migomba ile ilizaa mikungu mizito.

Mwaka 1947 ikaanza kuanguka, hata siku isiyo na upepo. Kemilembe, mama mkwe wake, alifukua shina moja akakuta vidudu vyeusi. Katika samadi nako aliona vidudu vyeusi. Basi akamwambia mwanawe kwamba mkewe ndiye aliyeleta balaa kutoka zizini. Rwegoshora hakuzoea kumbishia mama yake. Aliwaswaga wale ng'ombe, akawarudisha Nyakakika. Tangu siku hiyo Kemilembe hakugusa chakula alichopika Kokubanza.

Kokubanza hakulia mbele ya watu. Wale wadudu wa samadi walikuwa dundu, aliowajua malishoni tangu utoto: wapana, wenye miguu ya kuchimbia, huviringisha mavi na kuyafukia ili watoto wao wapate kula. Huyu wa mgomba alikuwa mdogo, mwenye mdomo mrefu uliopinda. Alijificha kwenye unyevu wa shina, na akiguswa alijifanya amekufa.

Akatwaa vyungu viwili, katika kila kimoja akaweka kipande kisichotobolewa cha tunguu, yaani lile shina la mgomba lililo ardhini. Katika cha kwanza akatia dundu wa samadi, katika cha pili wadudu wa mgomba. Akavifunga midomo kwa kitambaa.

Baada ya wiki nne akamwita mama mkwe, akafungua. Dundu walikuwa wamekufa, na tunguu lao halikuwa na hata tundu moja. La pili lilikuwa limetobolewa kila upande, limejaa funza weupe, watoto wa wale wadudu.

Kemilembe aliyageuza yale matunguu mawili mkononi.

"Nimekuonea, mwanangu," alisema.

"Ndiyo, mama," akajibu Kokubanza.

Jioni ile walikula pamoja. Lakini ng'ombe mmoja alikuwa amekwisha kufa kwa ndigana, ugonjwa wa kupe, huko Nyakakika, na nusu ya kibanja ilikuwa imelala chini. Rwegoshora akaenda Buganda kutafuta kazi. Wanawake wale wawili waling'oa mashina mabovu, wakayakatakata na kuyaanika juani, kisha wakamenya machipukizi mazima ili kuondoa mayai ya wadudu, na kuyapanda upya. Kemilembe alifariki kabla hayajazaa. Kokubanza alimzika, akaendelea kupalilia peke yake.